Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

(Yafuatayo ni mazungumzo ya fundi wa viyoyozi vya magari mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi, yaliyofanyika Kariakoo, Dar es Salaam. Yanachapwa hapa kwa ajili ya makatibu ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, tena la anasa, nalo ni ubaridi ndani ya gari. Wapo miongoni mwetu wanaouliza chama cha wakulima kina haja gani na kiyoyozi. Jibu langu ni fupi. Magari tunayoyanunua siku hizi, mengi yakiwa yamekwisha kutumika Japani kabla ya kuteremshwa bandarini, huja na kiyoyozi hata kama hatukukiomba. Kikianza kuharibika, fedha za wanachama hutoka kidogo kidogo, kwa stakabadhi ndogo ndogo ambazo hakuna mkaguzi anayezishangaa.

Nimewahi kuonyeshwa daftari la gari la chama kimoja, ambacho sitakitaja. Katika mwaka mmoja yameandikwa mara nne maneno haya haya: "kujaza gesi." Kila mara katibu aliidhinisha malipo, dereva aliondoka na ubaridi wake, na baada ya miezi miwili au mitatu akarudi na joto lake. Hakuna aliyeiba. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo angeuliza mara moja kama tangi la maji la chama lingekuwa linajazwa mara nne bila mtu kunywa: maji yanakwenda wapi?

Hapa ndipo penye shina la mazungumzo yangu. Gesi ya kiyoyozi haitumiki kama petroli. Haichomwi wala hailiwi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na gesi ile ile iliyotiwa kiwandani yaweza kufanya kazi miaka mingi. Ni kweli kwamba mipira ya gari kuukuu hupitisha kiasi kidogo sana mwaka hata mwaka. Kwa hiyo gari la umri mkubwa likiongezwa gesi baada ya miaka minne au mitano, mimi sitagombana na mtu. Lakini gari linalodai gesi kila baada ya miezi mitatu lina tundu, na fundi anayesema "gesi imeisha" bila kutafuta tundu hilo amefanya nusu ya kazi na kudai malipo ya kazi nzima.

Yafaa nieleze kwa ufupi namna chombo hiki kinavyofanya kazi, maana bila hivyo hatutaelewana. Kila mmoja wetu anajua kwamba maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kwa sababu unyevu unaotoka nje ya mtungi hukauka, na unapokauka huchukua joto. Kiyoyozi ni mtungi huo huo, isipokuwa kinachokauka hakiachwi kipotee hewani. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, husindika gesi hadi iwe moto na yenye shindikizo kubwa. Gesi hiyo hupita katika kondensa, ile sahani ya mabomba membamba iliyo mbele ya redieta, ambako hupozwa na upepo na kugeuka kuwa majimaji. Majimaji hupita katika chupa ya kukaushia, kisha katika tundu jembamba sana la valvu, na kutokea katika evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Huko shindikizo hushuka ghafula, majimaji huchemka kwa ubaridi na kufyonza joto la hewa ya ndani ya gari. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Pamoja na gesi husafiri mafuta ya kulainisha kompresa. Naomba jambo hili lishikwe sana, kwa kuwa ndilo linalofanya uvujaji kuwa ghali. Gesi inapopungua, mafuta hayarudi kwenye kompresa kama yapasavyo. Kompresa hukaukiwa, husagika, na unga wa chuma husambaa katika mabomba yote. Watengenezaji walilijua hilo wakaweka swichi ya kuizuia kompresa isizunguke gesi ikipungua mno. Nimeona magari ambayo swichi hiyo imerukwa kwa kipande cha waya ili kompresa ilazimike kuzunguka. Dereva hufurahi kwa wiki mbili. Oringi ya mpira, pete ndogo isiyozidi upana wa kidole, ambayo bei yake haitoshi hata chakula cha mchana, imekwisha kuua kompresa nyingi kwa njia hiyo.

Sasa tundu hutafutwaje?

Fundi mwema huanza kwa macho, kabla hajashika chombo chochote. Gesi inapotoka hutoka na mafuta kidogo, na mafuta hukamata vumbi. Kwa hiyo kwenye maungio ya mabomba, kwenye shingo za mipira, mbele ya kompresa karibu na klachi, na juu ya kondensa, hutazamwa doa jeusi lenye utelezi. Kwa magari yanayofika Kariakoo, mimi hutazama kondensa kwanza. Atakaye kujua sababu na asimame saa nne asubuhi katika Mtaa wa Msimbazi au Kongo, atazame jinsi mikokoteni, bajaji na pikipiki zinavyopenya kati ya magari. Kondensa iko mbele kabisa, nyuma ya bamba jembamba la plastiki, na pigo ambalo halikuacha hata mchubuko kwenye bampa laweza kuwa limepinda bomba la ndani. Ongezea chumvi ya upepo wa bahari, ambayo hula alumini polepole kwa magari yanayokaa pwani. Kwa magari ya bara adui ni kokoto za barabarani.

Baada ya macho huja geji, na hapa pana kosa linalofanywa kila siku. Gari likiwa limezimwa na kupoa, geji huonyesha shindikizo la gesi kwa kadiri ya joto la siku ile, wala haionyeshi wingi wake. Katika joto la sentigredi 30, gesi ya R-134a husoma karibu ratili 97 kwa inchi ya mraba. Na itasoma hivyo hivyo gari likiwa na gramu 500 au 250, maadamu ndani bado kuna majimaji. Kwa hiyo mtu anayetazama geji ya gari lililozimwa na kutangaza kwamba "gesi iko sawa" anabahatisha. Njia ya kujua wingi ni moja: gesi hutolewa kwa mashine, hupimwa kwa mizani, na kulinganishwa na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari mengi madogo hubeba baina ya gramu 400 na 600. Ikitoka gramu 200 mahali pa 500, tumekwisha kujua ukubwa wa ugonjwa.

Ikiwa ndani kumebaki shindikizo, maji ya sabuni yanatosha kwa matundu makubwa. Sabuni nzito hupakwa kwa brashi kwenye kila ungio, na fundi husubiri kwa subira, kwani povu la tundu dogo huchukua dakika kadhaa kujitokeza. Wapo wanaoidharau njia hii kwa sababu ni ya kimaskini. Mimi siidharau, imenionyesha matundu ambayo chombo cha umeme kilinichanganya. Chombo hicho cha kunusa gesi ni kizuri sana mahali penye hewa tulivu, lakini katika gereji za Gerezani, ambako jirani anapaka rangi na mwingine anaosha injini kwa petroli, hulia ovyo kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Anayekitumia azime injini, asubiri upepo utulie, na apitishe ncha chini ya ungio, si juu yake, kwa sababu gesi hizi ni nzito kuliko hewa na huteremka.

Njia nyingine ni rangi maalumu inayotiwa ndani pamoja na mafuta. Gari hutembea siku kadhaa, kisha fundi humulika mabomba kwa taa ya mwanga wa zambarau, na mahali pa tundu hung'aa rangi ya kijani au manjano. Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa matundu yanayojificha, yale yanayovuja gari likiwa moto tu. Kondensa ya gari lililosimama kwenye foleni juani huweza kubeba ratili 200 na zaidi, na ufa usioonekana asubuhi hufunguka mchana. Tahadhari ni moja: akiisha kuona, fundi aifute rangi hiyo kabisa, la sivyo fundi atakayefuata atalikuta doa la zamani na kulishuku bure.

Kama gesi imetoka yote, sharti mabomba yatiwe shindikizo la kitu kingine, na kitu hicho ni naitrojeni kavu. Ratili 150 zinatosha. Mtungi wa naitrojeni hubeba zaidi ya ratili 2,000, kwa hiyo haufungwi kwenye gari bila valvu ya kupunguza shindikizo. Nawaomba makatibu walisikilize hili hata kama mengine yatasahaulika: oksijeni haitiwi kamwe. Mtungi wa oksijeni upo katika kila karakana ya kuchomelea, na kishawishi ni kikubwa. Lakini oksijeni yenye shindikizo ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka. Hewa ya kujazia matairi nayo isitiwe, kwani ina unyevu, na ikichanganyika na mabaki ya R-134a chini ya shindikizo mchanganyiko huo waweza kushika moto. Wazee wetu wa kazi walikuwa na taa ya moto iliyobadilika rangi kuwa kijani ilipokutana na gesi ya zamani ya R-12. Taa hiyo ilitambua klorini. R-134a haina klorini, kwa hiyo leo haionyeshi kitu, ilhali gesi hizi zote zikipita katika moto hutoa sumu. Kwa sababu hiyo hiyo, asivute mtu sigara mahali ambapo gesi imemwagika, wala asishuke katika shimo la gereji kabla hewa haijapitishwa.

Imebaki evaporeta, ambayo huwatesa mafundi na wenye magari sawasawa. Imefichwa. Kuifikia katika magari mengi ni kung'oa dashibodi nzima, na dashibodi iliyong'olewa kwa haraka hairudi kimya. Italia kila tuta. Nashauri kamati zisikubali kazi hiyo kwa dhana. Fundi azime gari, asubiri kama robo saa gesi itulie chini, kisha aweke ncha ya chombo cha kunusa kwenye mdomo wa bomba dogo linalotoa maji chini ya gari, akiangalia maji yasiingie ndani ya chombo. Chombo kikilia hapo mara tatu kwa kurudiarudia, na mahali pengine pote pamekwisha kuthibitishwa kuwa pazima, basi dashibodi na ing'olewe.

Nakuja kwenye matengenezo. Oringi ikivuja hubadilishwa, haikazwi tu. Spana ni mbili, moja ya kushika na nyingine ya kugeuza, kwa sababu bomba la alumini hupindika kama muwa. Oringi mpya hupakwa mafuta ya kiyoyozi na iwe ya aina ya mpira unaokubaliana na gesi ile. Si kila pete nyeusi ya dukani inafaa. Valvu ndogo za kujazia gesi, ambazo kiini chake hufanana na kile cha tairi, huvuja mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kifuniko chake si pambo bali ni kizuizi cha pili. Kondensa iliyopasuka kwenye bomba nene huweza kuchomelewa kwa argoni na fundi hodari. Iliyooza kwenye mabomba membamba haifai kuchomelewa. Utaziba leo pafunguke kesho, inchi mbili kando. Wanaonunua kondensa iliyotumika katika maduka ya Shaurimoyo wadai ijaribiwe kwanza: izibwe, itiwe naitrojeni, izamishwe katika pipa la maji. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Ama zile dawa za kuziba matundu zinazouzwa katika vichupa, mimi sizitumii. Huganda mahali pasipotakiwa, huziba valvu, na huharibu mashine ya fundi atakayefuata.

Baada ya kuziba, mabomba hufyonzwa hewa kwa pampu kwa muda usiopungua nusu saa, na kwa Dar es Salaam yenye unyevu mwingi mimi huenda hadi dakika 45. Kazi ya pampu si kutoa hewa tu. Shindikizo likishuka vya kutosha, maji yaliyomo huchemka katika joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Yakibaki hugeuka kuwa asidi pamoja na mafuta, na kuila evaporeta kutoka ndani. Mfumo uliokaa wazi siku nyingi hubadilishiwa pia chupa ya kukaushia. Kisha pampu huzimwa na geji hutazamwa kama inashikilia. Lakini asidanganyike mtu: pampu huvuta kwa nguvu isiyofikia ratili 15, nayo huvuta kuelekea ndani, wakati gesi itasukuma nje kwa mara kumi ya nguvu hiyo na zaidi. Geji ikishikilia ni dalili njema. Jaribio la naitrojeni ndilo hukumu.

Gesi mpya hutiwa kwa mizani. Mafuta nayo yawe ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji, na hapa natoa onyo kwa wenye magari ya haibridi, ambayo sasa yamejaa mjini. Mengi ya hayo yana kompresa ya umeme wa volti nyingi, na mafuta yake hayapitishi umeme. Mafuta ya kawaida ya magari ya mkanda hupitisha, na kiasi kidogo tu huweza kuharibu kompresa na kumhatarisha mtu.

Lazima niseme neno juu ya mitungi ya gesi yenyewe. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka, watu wawili wakafa Vietnam na mmoja Brazil. Ilibainika kwamba kilichotiwa kama R-134a kilikuwa bandia, kikiwa na kloridi ya methili, ambayo hushambulia alumini na kuzaa kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Kompresa na kondensa za magari yetu zina alumini tele. Bei ya mtungi ikiwa nusu ya bei ya duka la jirani, katibu aulize kwa nini. Hali kadhalika wako wanaojaza gesi ya kupikia, kwa kuwa nayo hupoza vizuri. Hupoza kweli. Lakini tundu la evaporeta hufungukia ndani ya chumba cha abiria, na sihitaji kuendelea.

Mtaniuliza kama gesi inayovuja ina madhara nje ya mfuko wa chama. Anayo. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii ya R-12 huweza kuharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini mwaka 1987, Tanzania ikajiunga nao mwaka 1993, na magari mapya yakahamia R-134a katika miaka hiyo hiyo ya tisini. Gesi hii haidhuru ozoni, lakini hutunza joto angani: kilo moja yake huhesabiwa sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Gramu 500 zilizoachwa zipulizike mtaani ni sawa na kilo 715. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Oktoba 2016, yakakubaliana kuipunguza pamoja na jamii yake. Mkulima anayesubiri mvua hana haja ya kuelezwa zaidi. Kwa fundi maana yake ni kwamba gesi iliyobaki hukusanywa katika mtungi, haiachiwi hewani. Na kwa chama, kwamba gesi hii haitazidi kuwa rahisi.

Mwisho nageukia daftari, maana makatibu wengi hapa hawatashika spana. Tuchukue mfano tu wa hesabu: ikiwa kujaza ni Sh. 70,000/= na chama kinajaza mara nne, ni Sh. 280,000/= kwa mwaka, na tundu liko pale pale. Napendekeza kwamba stakabadhi yenye maneno "kujaza gesi" peke yake isilipwe. Iandikwe gesi ilitoka gramu ngapi, ikaingia gramu ngapi, tundu lilionekana wapi na kwa njia gani, mafuta ya aina gani yalitiwa; na kifaa kilichobadilishwa kirudishwe ofisini, hata kama ni oringi iliyosagika, kifungwe katika bahasha pamoja na stakabadhi. Fundi mwaminifu hataudhika. Dereva naye aagizwe kuwasha kiyoyozi kwa dakika kumi kila wiki, hata wakati wa baridi ya Juni huko nyanda za juu, ili mafuta yalowanishe sili ya kompresa. Magari ya vyama yanayolala gereji kuanzia mwisho wa msimu hadi msimu mwingine huvuja hapo, kwa sababu ya kukaa bure.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta kondensa mbili, moja nzima na nyingine yenye tundu, pamoja na mtungi wa naitrojeni na pipa la maji. Viko uani. Naomba ruhusa yako tutoke kwa dakika chache, kila katibu aweke mkono wake na kulitafuta tundu lile mwenyewe, kisha tutarudi hapa kwa maswali.